Umerudia Pombe: Namna ya Kuomba Msaada Mapema

Mwongozo huu ni wa mtu aliyewahi kuacha pombe, akakaa miezi au miaka bila kuigusa, kisha akairudia. Mengi yaliyomo yanamfaa pia aliyerudia heroini au vidonge vya usingizi, na pale hatari zinapotofautiana tumesema wazi.

Tuanze na jambo ambalo kila kinachofuata kinalitegemea. Glasi ya kwanza mara nyingi siyo inayommaliza mtu. Zinazommaliza ni siku anazoificha. Kosa likisemwa usiku uleule, kwa kawaida huishia kuwa la usiku mmoja. Likifichwa wiki mbili, linakua, kwa sababu kuficha kunataka uongo, uongo unazaa aibu, na aibu inataka chupa nyingine ili inyamaze. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza hali hii tangu miaka ya 1980: mtu aliyejiapiza kutogusa kabisa, akivunja kiapo mara moja hujiambia "nimeshaharibu, basi tena", na kauli hiyo humsukuma kunywa zaidi kuliko kileo chenyewe kinavyomsukuma. Kwa hiyo hatua zote hapa zina lengo moja: kufupisha muda kati ya kunywa na kusema.

Na usijihesabu kuwa kituko. Kati ya asilimia 40 na 60 ya watu wanaotibiwa uraibu hurudia, kiwango kisicho mbali na cha wagonjwa wa shinikizo la damu au pumu ambao hali yao huwarudia. Mgonjwa wa pumu akibanwa kifua usiku hafichi, anakwenda kutibiwa.

Kwanza, pima umefika wapi

Kuna kuteleza na kuna kurudia. Kuteleza ni usiku mmoja au siku mbili baada ya muda mrefu wa kukaa bila pombe. Mwili bado haujaizoea upya. Kurudia ni pale unywaji unaposhika ratiba, unakunywa kila siku au karibu kila siku, na asubuhi mikono haitulii mpaka uzimue. Aliyeteleza anaweza kusimama leo hii, akamwaga kilichobaki na kupiga simu. Aliyerudia asijifungie chumbani akakata pombe peke yake kwa ujasiri, maana anaweza kufa.

Chukua kalamu ujibu maswali haya, na karatasi uitunze kwa sababu utaihitaji kwa daktari:

- Nimekunywa siku ngapi mfululizo, na kiasi gani kwa siku?
- Nikiamka kabla ya kunywa, je, natetemeka, natokwa jasho, natapika, au moyo unaenda mbio?
- Nilipoacha siku za nyuma, niliwahi kuanguka kifafa, kuona mauzauza, au kuchanganyikiwa nisijue nilipo?

Ukijibu ndiyo kwa swali la pili au la tatu, hatua yako ya kwanza ni kituo cha afya, na usikate pombe kabla hujafika huko.

Kuhusu kiasi, usiseme "chupa moja tu" ukaishia hapo. Zidisha mililita kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, kisha gawanya kwa 100. Bia ya mililita 500 yenye kileo asilimia 5 ina mililita 25 za kileo halisi, takriban gramu 20. Chupa ya mililita 750 ya pombe kali ya asilimia 40 ina mililita 300, yaani sawa na bia 12 za namna ile. Pombe isiyo na lebo haipimiki hivyo. Taja ukubwa wa chombo na ulikunywa vingapi.

Mwili kabla ya maneno

Pombe hupoza ubongo. Ubongo wa anayekunywa kila siku hujitetea kwa kuongeza kasi, ili mtu aweze kutembea na kuongea huku amekunywa. Ukiiondoa pombe ghafla, ile kasi inabaki na breki haipo. Ndiyo maana mwili hutetemeka, na ndiyo maana wengine huanguka.

Mambo huenda kwa mpangilio huu, ukihesabu muda tangu glasi ya mwisho. Ndani ya saa 6 hadi 12 huanza mtetemeko, jasho, kichefuchefu, wasiwasi na kukosa usingizi. Kifafa, kikija, huja kati ya saa 6 na 48, na kinaweza kumpata mtu ambaye dakika kumi kabla alionekana mzima. Mauzauza, kama kusikia sauti au kuona wadudu ukutani, huweza kuanza siku ya kwanza au ya pili. Hatari kubwa kabisa huja kati ya siku ya pili na ya nne: homa, moyo kwenda mbio, kuweweseka, kutotambua watu wala mahali. Hali hiyo huua isipotibiwa. Dalili nyingi hupungua baada ya siku 5 hadi 7, lakini usingizi huchukua wiki kadhaa kurudi, na ni vizuri ujue hilo mapema usije ukadhani tiba imeshindwa.

Hapa wapo wengi wanaojidanganya: "Mara ya kwanza niliacha nyumbani, nililala siku tatu nikaamka mzima." Kila mara mtu anapokunywa kwa muda kisha akakata ghafla, ubongo huwa mwepesi zaidi kushtuka safari inayofuata. Mara ya kwanza siyo kipimo cha mara ya tano. Aliyewahi kuanguka kifafa wakati wa kuacha, au kuweweseka, asijaribu tena nyumbani hata kama safari hii amekunywa wiki moja tu.

Kliniki au hospitali hutumia dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, kwa kawaida ndani ya wiki moja. Usijinunulie dawa hizo na kujipimia. Zikichanganywa na pombe huzima pumzi, na zenyewe hushika mtu kama pombe ilivyomshika. Omba pia vitamini B1, yaani thiamini. Wanywaji wengi huwa wameishiwa nayo, na upungufu wake huharibu ubongo: mtu huyumba akitembea, macho hucheza, akili huvurugika. Aliye katika hatari hupewa kwa sindano, tena kabla ya dripu ya glukosi au pamoja nayo, kwa sababu sukari ikiingia peke yake humaliza kile kidogo kilichobaki.

Kama kituo kiko mbali na tayari unatetemeka, usikate. Kunywa kiasi kidogo kinachotuliza mtetemeko tu, mtu mwingine akiwa nawe, hadi mfike. Wapo wanaoona aibu kufika kwa daktari wakinuka pombe, wakakaa siku nzima bila kunywa ili waonekane wa heshima, na kifafa kikawakuta njiani. Fika ukiwa unanuka. Wahudumu wamezoea.

Mambo haya hayangoji asubuhi, ni ya kukimbizwa hospitali: kifafa hata kimoja, mauzauza, kuchanganyikiwa, homa kali, kutapika damu au kutapika bila kukoma, maumivu ya kifua. Hivyo hivyo kwa mtu aliyelala fofofo haamki ukimtikisa, anayepumua polepole au kukoroma kwa mkoromo wa majimaji, au ambaye midomo imebadilika rangi. Mlaze ubavu wakati mnasubiri usafiri, na usimwache peke yake "alale zake apate nafuu".

Kwa aliyerudia heroini au dawa nyingine za jamii ya afyuni, hatari iko kinyume. Arosto yake, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa, huanza ndani ya saa 8 hadi 24, hufika kilele siku ya pili au ya tatu, na inatesa, lakini kwa mtu mwenye afya ni nadra kuua. Kinachoua ni kipimo cha zamani. Baada ya wiki chache za kuacha, mwili umesahau ulichokuwa unastahimili, na kile alichotumia kila siku mwaka jana leo kinaweza kuzima pumzi. Kama bado unatumia wakati unatafuta msaada, usitumie ukiwa peke yako, na weka naloksoni karibu ikiwa inapatikana. Hiyo hurudisha pumzi ndani ya dakika chache, ila nguvu yake huisha baada ya kama dakika 30 hadi 90, hivyo aliyezinduka bado anapaswa kufikishwa hospitali. Tiba yenye ulinzi mkubwa kwake ni methadoni au buprenofini. Buprenofini husubiriwa hadi arosto ianze yenyewe, mara nyingi saa 12 au zaidi tangu heroini ya mwisho. Ikitangulia, huileta arosto yote kwa mkupuo. Vidonge vya usingizi vya jamii ya diazepamu havikatwi ghafla kamwe, kwa sababu navyo huleta kifafa. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki au miezi chini ya daktari.

Neno moja zaidi kabla ya kuacha habari za mwili. Siku mbili tatu baada ya kurudia, mawazo ya kujidhuru huja kwa urahisi hata kwa mtu ambaye hakuwahi kuyawaza. Yakija, yaseme kwa yeyote aliye karibu, kwa maneno hayohayo bila kuzunguka, na usibaki peke yako usiku huo.

Simu ya kwanza

Ipigwe kabla hujalala usiku wa leo. Ukiamka kesho utakuwa na kichwa kizito, aibu mpya, na sababu nzuri za kungoja hadi Jumatatu.

Nani apigiwe? Anayefaa kuliko wote ni mtu aliyeacha pombe mwenyewe na akadumu: mdhamini wako, yaani mzoefu anayekuongoza katika kikundi cha wanaoacha pombe, au mwenzako mliyekaa naye soba hausi, nyumba wanamoishi pamoja wanaoacha ulevi. Hatashangaa, na atajua la kukuuliza. Wa pili ni ndugu au rafiki anayejua kutunza siri na asiyekuwa mwepesi wa kufoka. Wa tatu ni mshauri nasaha, mhudumu wa kliniki, au huduma ya simu ya msaada kama ipo. Usianze na yule utakayemuumiza zaidi, kwa mfano mwenzi wa ndoa uliyemwapia wiki iliyopita. Huyo anastahili kuambiwa, na mapema, lakini mazungumzo yale yatadai nguvu ambazo saa hii huna. Na usimpigie mliyekuwa mnakunywa naye, hata kama ndiye anayekuelewa sana.

Andika majina matatu kwa mpangilio. Wa kwanza asipopokea, ngoja dakika 10, piga wa pili. Wengi hupiga mara moja, simu ikaita bila kupokelewa, wakaichukua kama ishara kwamba hakuna anayejali.

Simu ina sehemu tatu tu: kilichotokea, hali yako sasa, na unachoomba. Kwa mfano:

"Kaka, nimerudia kunywa tangu Jumanne. Leo nimemaliza nusu chupa ya pombe kali, ya mwisho ilikuwa saa moja jioni. Sijaumia. Naomba uje ulale hapa leo, na kesho asubuhi unisindikize kliniki."

Au kwa mzazi:

"Mama, shikamoo. Nina neno gumu, naomba unisikilize kwanza. Nimerudi kwenye pombe, wiki ya pili sasa. Sikuombi hela. Naomba nije nikae kwako siku tano, na chupa zozote zilizopo ndani uzitoe kabla sijafika."

Sauti ikikataa kutoka, tuma ujumbe: "Nimerudia. Nipigie tafadhali, nisipopokea njoo." Unatosha.

Ombi liwe na kitu na muda. Ukisema "nisaidie" tu, mwenzako atakupa anachojua kutoa, na mara nyingi ni mawaidha. Ukisema "kaa nami hadi asubuhi", anajua afanye nini. Jingine linaloharibu simu hii ni kusema nusu: "nimeonja kidogo". Aliyeambiwa kidogo hutoa msaada kidogo, na wewe unabaki na uongo mpya wa kuulinda. Acha pia viapo. Uliapa zamani, waliokusikia wanakumbuka, na kiapo kipya hakiwapi kitu. Ahidi hatua inayofuata peke yake, ile ya kesho asubuhi, kisha itimize.

Kwa daktari

Nenda na ile karatasi. Ongeza saa ya glasi ya mwisho, dawa zote unazotumia, magonjwa ya ini, figo au moyo, na kama una mimba au huenda unayo. Daktari hupanga kipimo cha dawa kutokana na kiasi unachokitaja. Ukikigawa kwa nusu kwa aibu, utapewa dawa isiyotosha, na siku ya pili utalipia.

Watu wengi hutoka kliniki wakiwa wametibiwa mtetemeko tu, wasijue kwamba zipo dawa za kusaidia baada ya hapo. Uliza kwa majina. Naltreksoni hupunguza hamu na utamu wa kulewa. Kawaida ni miligramu 50 kwa siku, na inaweza kuanzwa hata kabla mtu hajaacha kabisa, lakini ini huangaliwa kwanza, na haimfai anayetumia dawa za jamii ya afyuni. Hata tramadoli au kodeini uliyopewa kwa maumivu uitaje, kwa sababu zinahitaji kuwa zimetoka mwilini kwa siku 7 hadi 10. Akamprosati huwafaa walioacha tayari. Humezwa mara tatu kwa siku na hupitia figo, kwa hiyo figo ndizo zinazopimwa. Disulfiramu haigusi hamu. Kazi yake ni kumfanya mtu augue vibaya akinywa: uso kuwaka, moyo kudunda, kutapika. Haianzwi kabla ya saa 12 kupita tangu glasi ya mwisho, na athari yake inaweza kubaki hadi wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Baadhi ya dawa za kikohozi na za kusukutulia kinywa zina kileo, nazo huamsha ugonjwa uleule. Kwa maoni yetu disulfiramu ina maana tu pale mtu mwingine anapokushuhudia ukiimeza kila asubuhi, kwa sababu kichwa kinachotaka kunywa Ijumaa huanza kusahau kidonge Jumatano.

Kama kabla ya kurudia ulikuwa na huzuni isiyoisha, woga au ndoto za mambo mabaya yaliyokupata, yaseme hapo hapo. Yasipotibiwa, pombe itabaki kuwa dawa yake.

Kurudi kikundini

Watu wengi huogopa mlango huu kuliko hospitali. Uliondoka una miaka miwili, watu walikupigia makofi, pengine ulikuwa unawaongoza wageni. Sasa unarudi una siku tatu.

Basi jua Alcoholics Anonymous (AA), kikundi cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, kilivyoanza. Mwezi Mei 1935, katika mji wa Akron jimboni Ohio, Bill Wilson, dalali wa hisa aliyekuwa ameacha pombe miezi michache tu, alijikuta hotelini biashara imemharibikia na baa iko hatua chache mbele yake. Akaenda kwenye simu, akapiga huku na huko akiomba aunganishwe na mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akapatikana daktari wa upasuaji, Bob Smith. Walizungumza kwa saa nyingi na Bob akaacha kunywa. Wiki chache baadaye Bob alisafiri kwenda mkutano wa madaktari Atlantic City, akanywa, akarudi nyumbani hajiwezi. Bill hakumfukuza. Glasi ya mwisho ya Bob ilikuwa tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo AA inayoihesabu kuwa ya kuzaliwa kwake. Sharti lake la pekee la kujiunga limebaki kuwa nia ya kuacha kunywa. Anayerudi leo analitimiza sawasawa na mgeni.

Fanya hivi. Tafuta mkutano wa leo au kesho, wa ana kwa ana ukiweza, wa mtandaoni kama uko mbali au bado u mgonjwa. Kama unaogopa nyuso unazozijua, anza na kikundi kingine, ila usikae huko ukijificha. Ndani ya wiki rudi kwa wanaokujua, kwa sababu ndio watakaoona mapema ukianza kubadilika. Fika dakika 10 kabla. Nafasi ya kusema ikija, sentensi moja inatosha: "Nilikuwa nimeacha, nimerudia, leo ni siku yangu ya tatu." Huna deni la kusimulia yote. Mkutano ukiisha usitoroke. Omba namba tatu za simu, na mmoja mpigie siku hiyohiyo hata kwa salamu tu, maana namba ambayo hujawahi kuipiga ukiwa mzima hutaipiga ukiwa na hamu.

Kuhusu kuhesabu siku, vikundi vingi hukutaka uanze upya. Tunakubaliana nalo, kwa kuwa hesabu iliyofichwa dosari ni uongo unaoulisha kila siku. Lakini tarehe peke yake ndiyo inayofutika. Ulichojifunza katika miaka miwili kimo kichwani, na mwili uliopona miaka miwili ulipona kweli.

Kama maneno ya kiroho ya AA hayakukai, zipo njia nyingine. SMART Recovery, iliyoanza mwaka 1994, hutumia mazoezi ya kubadili fikra na tabia. Waliotumia dawa za kulevya wana Narcotics Anonymous tangu 1953. Kikundi kimoja kikikushinda, jaribu vingine viwili kabla ya kusema vikundi havikufai. Hutofautiana sana kwa watu wake.

Nyumbani na kazini

Ndugu hutaka kusaidia na mara nyingi hawajui kwa lipi. Wape kazi zinazoshikika: kutoa pombe yote ndani, kukutunzia kadi ya benki kwa mwezi mmoja, kukusindikiza kliniki, kuhakikisha unakula mara tatu. Kazi ya ulinzi, ya kukunusa mdomo kila ukiingia, usiwape wala usikubali wajipe. Huwafanya wao askari na wewe mwizi, na wote mtachoka. Wao pia wanahitaji mahali pa kusema. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni ya jamaa za wanywaji, na wanaweza kwenda hata kama wewe bado unakunywa.

Mwenzi akisema hakuamini tena, usibishane naye. Ana haki. Mweleze utakachofanya wiki hii, siku na saa, kisha mwache aone.

Kazini sema unachohitaji na usizidishe: unatibiwa, unahitaji ruhusa ya siku kadhaa, cheti utaleta. Kama kazi yako ni ya kuendesha gari au mashine, usiirudie hadi daktari aseme. Dawa za siku za mwanzo zinasinzisha.

Karatasi ya kurudi nyuma

Hii ifanyike kati ya siku ya 5 na ya 10, kichwa kikishatulia, ukiwa na mdhamini au mshauri. Mapema zaidi inageuka kuwa kujipiga.

Andika chini kabisa ya karatasi: glasi ya kwanza, siku na saa. Kisha panda juu ukiuliza kila mara, "Na kabla ya hapo?" Karatasi ya mtu mmoja inaweza kusomeka hivi: Jumamosi usiku, glasi ya kwanza. Mchana wake, alipita barabara yenye baa ilhali ipo njia fupi zaidi. Ijumaa, mshahara mkononi. Jumatano, ugomvi nyumbani ambao hakumsimulia mtu. Wiki tatu kabla, aliacha kikundi akisema kazi zimezidi. Miezi miwili kabla, aliacha kumpigia mdhamini. Mwezi wote ule alikuwa anapata usingizi wa saa nne tu kila usiku.

Ukitazama karatasi kama hiyo utaona kwamba kurudia kulianza muda mrefu kabla ya pombe, na kwamba uamuzi mwingi ulionekana mdogo usio na madhara, kama ile barabara ya baa. Sasa kaa na kila pingili ya mnyororo ujiulize: hapa nani angeniona, na ningemwambia nini? Mshahara: uingie akaunti inayoangaliwa na dada. Ugomvi: simu moja ndani ya saa moja. Kikundi: nikikosa mara mbili mfululizo, fulani anipigie, naye ameshakubali. Usijaribu kuziba pingili zote. Chagua tatu za juu kabisa, kwa sababu huko mbali na chupa ndiko kukataa kungali rahisi.

Siku tisini za mwanzo

Katika AA kuna desturi ya mikutano 90 ndani ya siku 90. Kwa mwenye watoto wadogo au kazi za zamu hilo huwa zito. Mitatu au minne kwa wiki, pamoja na simu moja kila siku, ni bora kuliko 90 iliyokufa siku ya 11. Iandike mikutano hiyo kwenye kalenda kabla wiki haijaanza, na zaidi kwa siku zako mbaya, ambazo kwa wengi ni za mshahara, mwisho wa wiki na sikukuu.

Hamu huja kama wimbi: hupanda, hufika juu, na kwa kawaida huanza kushuka ndani ya nusu saa hata usipoipa kitu. Ikipanda, toka mahali ulipo, kunywa maji, na jiulize kama una njaa, hasira, upweke au uchovu. Mara nyingi kimojawapo kipo, nacho kina tiba yake. Piga simu wimbi likiwa bado linapanda. Ukingoja lifike juu, mkono utakuwa umeshashika kitu kingine.

Ukiteleza tena ndani ya siku hizi, rudi kwenye yale maswali ya mwanzo usiku huohuo. Na ukiona hili linajirudia mara ya tatu ukiwa nyumbani na kikundi, ngazi ya msaada ni ndogo kuliko ugonjwa. Omba ya juu yake: kliniki ya kila siku, kulazwa, au kukaa soba hausi kwa miezi kadhaa. Kabla ya kuingia kokote, uliza kama yupo daktari au muuguzi wa kusimamia siku za mwanzo, na kama dawa ulizoandikiwa utaruhusiwa kuendelea nazo. Mahali panapowafunga watu minyororo, kuwapiga, au kukata dawa zote ghafla, usiende wala usipeleke mtu.

Kwa unayepigiwa simu

Pengine wewe unayesoma siye uliyekunywa, ni uliyepigiwa. Usiulize kwa nini. Uliza: umekunywa mara ya mwisho saa ngapi, kiasi gani, umechanganya na dawa yoyote, uko na nani, umewahi kuanguka kifafa, unawaza kujidhuru? Andika majibu, maana kesho hatayakumbuka na daktari atayataka. Mwambie umefanya vizuri kupiga. Usifundishe mtu aliyelewa. Ukifika, ondoa funguo za gari, mlaze ubavu, weka ndoo na maji karibu, na angalia pumzi yake mara kwa mara usiku kucha. Ukiona unachoka kabla hakujapambazuka, piga simu ya pili, aje mwingine akupokee zamu.